Tanga Iliuzwa, Mombasa Haikuuzwa

Siku ya kwanza, Alhamisi

Basi limetoka Tanga saa mbili kasorobo asubuhi. Nimebeba begi moja, kapu la machungwa ya Muheza, daftari jipya, na swali ambalo si langu.

Swali ni la mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Wiki ya mwisho kabla ya likizo ya Juni nilikuwa nafundisha uhuru wa Afrika, nikasema kwamba barani kwetu limebaki eneo moja kubwa ambalo Umoja wa Mataifa bado unaliandika kwenye orodha ya maeneo yasiyojitawala, nalo ni Sahara Magharibi. Binti akanyoosha mkono. "Mwalimu, wenyewe wameshaulizwa wanataka nini?" Nikamjibu bado. "Na sisi tuliulizwa lini?" Kengele ikalia kabla sijafungua mdomo, wenzake wakatoka mbio, yeye akabaki kidogo akinitazama. Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Nafundisha historia mwaka wa kumi na mbili sasa, na sikuwa na jibu la kumpa mtoto.

Ndiyo maana naenda Mombasa. Mdogo wake marehemu bibi yangu, ambaye naye namwita bibi, anaishi Kuze, Mji wa Kale, na mwaka 1963 alikuwa msichana wa miaka 17 mwenye masikio mazuri. Bibi yangu mwenyewe alikuwa ameshaolewa Tanga.

Horohoro tumesimama saa nzima na zaidi. Nimetumia muda huo kuutazama mpaka, kwa sababu kwa kawaida naupita tu nikihangaikia pasipoti. Hapa Wadigo wako huku na wako kule, lugha ni ile ile, hata matanga watu huvuka kwenda kuzikana. Mstari huu Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1886: uanzie mdomo wa mto Umba, uende Ziwa Jipe, upinde kando ya Kilimanjaro, ufike Ziwa Viktoria. Katika mapatano hayo hayo walimwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi. Tanga ilikuwa ndani ya zile maili kumi, sawasawa na Mombasa. Miaka minne baadaye njia zikatengana. Mwaka 1890 Wajerumani walimlipa Sultani marki milioni 4, upande wetu ukawa wao moja kwa moja. Upande wa Mombasa haukununuliwa. Ulibaki mali ya Sultani kwa jina, ukiwa umekodishwa, kwanza mikononi mwa kampuni ya Waingereza, kisha mwaka 1895 mikononi mwa serikali yao.

Na hapa pana jambo lililonikaa rohoni tangu nilipolisoma. Kampuni ile ilipofilisika, ililipwa paundi 250,000 ili iondoke. Katika hizo, 200,000 zilitoka hazina ya Zanzibar, nazo zilikuwa zile zile Wajerumani walizotoa kununulia pwani yetu. Bei ya Tanga ndiyo iliyolipa deni la Mombasa. Sijui mtu wa Mombasa na mtu wa Tanga wanawezaje kutaniana tena baada ya kulijua hili bila kwanza kukaa kimya kidogo.

Tumepita Gazi bila kusimama. Mbaruk bin Rashid, Mazrui wa hapa, aliwapiga vita Waingereza walipokuja kuchukua utawala, na mwaka 1896 akavuka mpaka kukimbilia kwa Wajerumani. Alitoka alikokodishwa akaenda alikouzwa.

Likoni tumeshuka, tukaingia feri kwa miguu na umati wa watu wa jioni. Kusi linavuma, maji ya mkondo yamechafuka. Bibi alikuwa mlangoni tayari. "Ndoo mwanangu, ndoo ukae. Hayo machungwa weka hapo, utanambia ya Tanga kesho."

Siku ya pili, Ijumaa

Mahamri na mbaazi za nazi asubuhi. Bibi amekaa kitako juu ya mkeka, leso mbili begani, mimi naandika.

Nilianza vibaya. Nilitaka kumpa habari niliyoitoa Horohoro, nikamwambia, "Bibi, sisi watu wa Tanga tuliuzwa."

Akaniangalia kwa mshangao. "Mliuzwa? Na nani?"

"Na Sultani. Kwa Wajerumani."

"Basi nyinyi muna bahati. Sisi hatukuuzwa na mtu."

Imenichukua muda kuelewa. Kwetu kuuza ni kuuza, unatoa kitu unapokea pesa. Lakini kwa Kimvita cha bibi, kuuza ni kuuliza vilevile. Mtu husema "hebu muuze" akimaanisha kamuulize. Bibi alisikia kwamba Tanga tuliulizwa. Nilipomweleza hakucheka kama nilivyotarajia. Alikaa akivunja hamri vipande vidogo vidogo, kisha akasema, "Yote mawili ni kweli basi. Nyinyi mliuzwa, na sisi hatukuuzwa."

Nimeliandika hilo kama alivyolisema.

Akanisimulia mwaka 1963 ulivyokuwa nyumbani humu. Barazani wanaume wakikesha. Kaka yake akiwa na Mwambao: ukanda ujitawale wenyewe, au urudi Zanzibar, kwa kuwa kisheria haukuwa koloni bali himaya iliyokodishwa, na mwenye nyumba ni Sultani. Mjomba wake, kuli wa bandarini, akipinga. Alifanya kazi bega kwa bega na watu wa bara, akisema uhuru ni mmoja na meli haiwezi kuwa na nahodha wawili. Baba yao akinyamaza. "Na wewe, bibi, ulikuwa na lipi?" Akasema yeye alikuwa jikoni akichemsha kahawa. "Walipigana maneno usiku kucha juu ya nani hakuuzwa. Hakuna aliyeniuza mimi."

Kabla ya swala nilikwenda Ngome ya Yesu. Nimepanda juu ya ukuta upande wa bahari, upepo ukanivua mtandio. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waomani wakaitwaa 1698, Waingereza wakaigeuza gereza mpaka 1958. Lakini nilichokuja kukitazama hakipo tena: mlingoti wa bendera nyekundu ya Sultani, iliyopepea hapa hadi uhuru. Kwa zaidi ya miaka sitini Mwingereza alikusanya kodi, akahukumu, akajenga reli na bandari, na juu ya kichwa chake ikawa bendera ya mtu mwingine aliyelipwa paundi 11,000 kwa mwaka na riba ya zile paundi 200,000. Mwaka 1920 bara ikatangazwa koloni. Ukanda ukabaki himaya. Jina zima likawa Koloni na Himaya ya Kenya, na watoto wa pwani wakalisoma shuleni bila kuelezwa kile kiungo "na" kinabeba nini.

Mkataba wa kukodishana ulitiwa saini tarehe 14 Desemba 1895. Tarehe 14 Desemba 1960, miaka 65 kamili baadaye, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha Azimio 1514: kila watu wana haki ya kujiamulia mambo yao. Nchi 89 ziliunga mkono, 9 zikajizuia, hakuna iliyopinga. Mwaka uliofuata Waingereza wakamtuma Sir James Robertson kuchunguza mustakabali wa ukanda. Alizunguka, akasikiliza wajumbe, akapendekeza uunganishwe na Kenya kabla ya uhuru. Tarehe 8 Oktoba 1963, huko London, Jomo Kenyatta, Mohamed Shamte wa Zanzibar na waziri wa makoloni wa Uingereza wakatia saini. Sultani akaachia ukanda. Kenya ikaahidi uhuru wa dini, mahakama za kadhi na hati za ardhi kulindwa. Ahadi ya makadhi ipo mpaka leo ndani ya katiba ya 2010, ibara ya 170.

Kura ya watu wa ukanda, ndiyo au hapana, haikupigwa.

Najua ugumu wake. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, Kenya tarehe 12, na tarehe 12 Januari 1964 Sultani alikuwa ameshapinduliwa. Kama ukanda ungerudi kwake ungekaa naye mwezi mmoja. Jahazi lake lilipokuja kutafuta hifadhi lilikataliwa kuteremsha abiria Mombasa, mji uliopeperusha bendera yake mwezi uliotangulia. Lakini kusema kwamba jibu lingekuwa baya si sababu ya kutouliza swali. Nilishuka ukutani nikiwa nimekasirika, na adhana ikanikuta njiani.

Siku ya tatu, Jumamosi

Leo nimevuka daraja la Nyali kwenda Kisauni na tuktuk. Nilitaka kuona shamba la michungwa ambalo bibi husema lilikuwa la ukoo. Sasa ni nyumba juu ya nyumba.

Dereva ni Mgiriama, kijana wa miaka kama thelathini. Aliposikia natafuta habari za Mwambao alizima redio. "Mwalimu, sikia. Babu yangu hao wa Mwambao aliwaogopa kuliko Mzungu." Nikamuuliza kwa nini. Akaegesha chini ya mwembe akanieleza, na ninaamini alichosema, kwa sababu sheria yenyewe ipo. Mwaka 1908 Waingereza walileta sheria ya hati za ardhi katika ukanda. Aliyeweza kuja na wakili, shahidi na karatasi akapata hati. Wengi wa Mijikenda hawakuwa na hivyo, ardhi yao ilikuwa ya ukoo na ya kulimwa, si ya kuandikwa. Wakaamka siku moja wakiitwa maskwota pale walipozikwa wazee wao. Wakati wa mkataba wa 1963 hati hizo hizo ndizo zilizolindwa. "Kwa hiyo mkataba ule ulilinda watu wa pwani?" akaniuliza. "Ulilinda pwani ya nani?"

Ronald Ngala, kiongozi wa chama cha KADU na mtu wa pwani, alisimama hapo katikati: hakutaka ukanda ujitenge, alitaka majimbo, yaani mikoa yenye mamlaka yake. Majimbo yakaja na uhuru, yakafutwa mwaka mmoja baadaye.

Nimekuja na picha moja kichwani, ya watu wa pwani walionyimwa kuulizwa, na kabla ya adhuhuri imeshapasuka. Hata wangepiga kura mwaka 1963, ilibidi kwanza mtu aamue kura ihesabiwe wapi. Ndani ya maili kumi tu? Maili kumi zilipimwa kutoka maji yanapojaa, na kijiji kimoja kingeweza kukatwa katikati. Mkoa wote wa Pwani? Kenya nzima? Kila mpaka wa kuhesabia una mshindi wake tayari.

Njiani kurudi nimeona ukutani maandishi yaliyopauka, "Pwani si Kenya". Ndiyo kauli ya vuguvugu lililozaliwa 1999, likapigwa marufuku 2010, na mwaka 2012 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo. Dereva aliyatazama akasema, "Mimi nataka hati ya kiwanja cha mama." Hakuongeza kitu.

Jioni sikuandika zaidi. Nimechoka, na viazi vya karai vimenishibisha.

Siku ya nne, Jumapili

Baada ya alasiri bibi alinipeleka mwenyewe, akitembea polepole na bakora, kwa jirani Mngazija anayeuza kahawa chungu na kashata. Mzee alizaliwa Mombasa, baba yake alizaliwa Ngazidja, kisiwa cha Komoro, na shemeji zake wako Maore, kisiwa ambacho Wafaransa hukiita Mayotte.

Nilimuuliza kuhusu kura. Akaweka dele chini.

Tarehe 22 Desemba 1974 Ufaransa iliwauliza watu wa Komoro kama wanataka uhuru. Visiwa vinne, kura moja. Zaidi ya asilimia 90 wakasema ndiyo. Lakini Maore peke yake, karibu theluthi mbili walisema hapana. Ufaransa ikaamua kuhesabu kisiwa kwa kisiwa. Tarehe 6 Julai 1975 Komoro ikatangaza uhuru, Maore ikabaki, na mwaka 2011 ikafanywa mkoa kamili wa Ufaransa. Umoja wa Mataifa umesema zaidi ya mara moja kwamba Komoro ni moja. Na Maore haimo katika orodha ya maeneo yasiyojitawala. Kwa Ufaransa watu waliulizwa na wakajibu. Kwa Komoro walioulizwa ni taifa zima na jibu lilikuwa ndiyo.

"Wote wawili wana kura mkononi," mzee alisema. Tangu 1995 mtu wa Anjouan, kisiwa jirani cha Komoro, anahitaji viza kwenda Maore, ng'ambo tu ya maji. Wanavuka usiku kwa vidau vidogo na wanazama. Ndugu wa mke wake alizama. Alisema hivyo akimimina kahawa, mkono haukutetemeka, ila kikombe alikijaza kikamwagika, na hakukumbuka kupangusa.

Usiku nimefungua orodha yenyewe kwenye simu, kitandani, chandarua kimeshushwa. Maeneo 17. Mwaka 1946 yalikuwa 72, Kenya na Zanzibar zikiwemo, zote mbili zikafutwa 1963. Tanganyika iliingilia mlango wa pili, wa nchi zilizo chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Ndiyo maana Nyerere alikwenda New York mwaka 1955 kuzungumza kwenye Baraza la Udhamini. Mombasa haikuwa na mlango wake. Iliingia na Kenya, ikatoka na Kenya.

Kumi kati ya hayo 17 yako chini ya Uingereza, matatu Marekani, mawili Ufaransa, moja New Zealand. Moja halina msimamizi anayetambuliwa, nalo ni Sahara Magharibi. Mengi ni visiwa vidogo. Azimio 1541, lililopitishwa kesho yake baada ya 1514, linasema watu wanaweza kuchagua kati ya njia tatu: uhuru kamili, ushirika huru na nchi nyingine, au kuungana nayo. Watu wa Tokelau, visiwa vidogo vya Pasifiki, waliulizwa mara mbili, 2006 na 2007, kama wanataka ushirika huru na New Zealand. Walitakiwa wafikie theluthi mbili, wakakosa kidogo mara zote mbili. Hawakulazimishwa. Nawaheshimu sana kwa hilo, wao na waliowauliza.

Kaledonia Mpya, visiwa vya Pasifiki vilivyo chini ya Ufaransa, iliulizwa mara tatu. Mwaka 2018 waliokataa uhuru walikuwa asilimia 56.7, mwaka 2020 wakawa 53.3, na mwaka 2021 wakawa 96.5, kwa sababu Wakanaki wengi, ndio wenyeji, wakiwa kwenye maombolezo ya waliokufa kwa korona, walisusia. Mkataba wa 1998 ulikuwa umeifunga daftari ya wapiga kura ili wahamiaji wapya wasiwazidi wenyeji. Mwezi Mei 2024 Paris ilipotaka kuifungua, mji wa Nouméa uliwaka moto na watu wakafa. Ugomvi haukuwa juu ya jibu. Ulikuwa juu ya nani ameandikwa kwenye daftari.

Na Sahara ni hivyo hivyo, ila kwa urefu unaoumiza. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema tarehe 16 Oktoba 1975 kwamba uhusiano wa zamani na Moroko au Moritania haukuwa wa umiliki wa kuwanyima watu wake haki ya kujiamulia. Wiki tatu baadaye Moroko ikapeleka matembezi ya watu 350,000 kuingia humo. Vita ikaja, na mwaka 1991 ikasimamishwa kwa ahadi: kura itapigwa, na Umoja wa Mataifa utaisimamia. Kisha ikaanza kazi ya kuorodhesha wapiga kura. Hispania ilihesabu watu wapatao 74,000 mwaka 1974; Polisario, chama cha ukombozi cha Wasahara, ikataka hao na vizazi vyao, Moroko ikataka makabila mengine yaongezwe. Waliitwa mmoja mmoja, wakaulizwa majina ya babu zao mbele ya masheikh wa pande mbili. Miaka ikapita katika kuandika majina. Kura haikupigwa hadi leo. Waliozaliwa kambini Tindouf, jangwani Algeria, sasa wana wajukuu.

Namfikiria yule binti wa kidato cha tatu. Nilimjibu "bado" kana kwamba ni suala la kuchelewa basi. Nilipaswa kumwambia kwamba kuna watu wameketi nje ya mlango wa swali kwa maisha yao yote, wakibishaniwa kama wao ni wao.

Siku ya tano, Jumatatu

Basi ni saa tano. Bibi ameamka kabla ya alfajiri akapika mkate wa sinia wa kunifungia njiani.

Nilikaa naye jikoni, pale pale alipokuwa akichemsha kahawa ile miaka. Nikamwambia, "Bibi, nataka kukuuza."

Akageuka, mwiko mkononi. Nikarudia kwa Kimvita chake, polepole, kwa sababu nilitaka nisikosee. Kwamba ni mwaka 1963, yeye ana miaka 17, na mtu amekuja mlangoni na kumuuza yeye, si kaka yake, si mjomba: mwataka ukanda uwe na Kenya, au na Zanzibar, au peke yake?

Nilidhani ataniambia nimuache, mambo yameshapita. Aliweka mwiko chini. Akavuta kigoda akaketi, akanyoosha leso mapajani, akafikiri. Alifikiri kwa muda mrefu sana hivi kwamba mkate ulianza kuungua upande mmoja na nikainuka mimi kuugeuza. Kisha akajibu. Lilikuwa jibu la maneno mengi kuliko nilivyotegemea, lenye sababu tatu, na sababu moja ilimhusu bibi yangu kuwa Tanga.

Nikashika kalamu. Akaweka mkono juu ya daftari.

"Hilo usiliandike. Umeniuza wewe, nimekujibu wewe."

Sikuliandika.

Horohoro, saa tisa mchana. Afisa aliuliza nilikwenda Mombasa kufanya nini. Nikamwambia nilikwenda kumwamkia bibi. Akagonga muhuri.